Si Lazima Ulale Norfolk Ndipo Uione

"Huo ni ushamba," binamu yangu aliniambia niliposema tumpeleke shangazi Norfolk, ile hoteli kongwe ya Nairobi, akanywe chai na kuitazama. "Kama hulali pale, unaenda kufanya nini?" Kauli hiyo imenikaa kooni, hasa kwa kuwa si yeye tu anayefikiri hivyo. Katika hoteli nyingine, mlinzi alinitazama viatu kwanza, kisha akauliza, "Dada, umekuja kumwona nani?" Nilipomjibu kwamba nimekuja kuiona hoteli yenyewe, alininyoshea mkono kuelekea barabarani.

Nakataa. Norfolk ilifunguliwa Krismasi ya 1904, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa reli. Hadithi zake zinazovuma ni za mabwana: Lord Delamere na walowezi wenzake, Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, na msafara wake wa uwindaji wa 1909. Ukizisikia hizo peke yake, utaamini kweli kwamba jengo lile halikuhusu.

Mimi nikifika pale naiwaza tarehe 16 Machi 1922. Harry Thuku, mwanaharakati aliyewatetea Waafrika, alikuwa ametiwa mbaroni siku mbili kabla, kwa kuupinga mfumo wa kipande (kitambulisho ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kutembea nacho), kodi na kazi za kulazimishwa. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kilicho karibu na hoteli. Wajumbe waliokwenda kuzungumza na wakubwa wa serikali wakarudi wakiwaomba watu watawanyike. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza, akapandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume wampe suruali zao, wao wachukue gauni lake. Kwa Wakikuyu, hakuna tusi zito kuliko hilo kutoka kwa mwanamke. Umati ukasonga mbele na askari wakafyatua risasi. Masimulizi ya siku ile yanasema walowezi waliokuwa wakiburudika kwenye baraza ya Norfolk nao walipiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka.

Basi mtu asiniambie sina shughuli pale. Barabara inayopita mbele ya hoteli ndiyo hiyo tunayoiita Harry Thuku. Upande wa pili kuna Kenya National Theatre na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijana anaweza kusoma hapo miaka minne, akahitimu, asivuke barabara hata siku moja, na si kwa sababu kuna mtu aliyemkataza. Enzi za ukoloni, Mwafrika alipanda kwenye baraza ile akiwa na trei mkononi. Ubaguzi huo ulikwisha zamani, lakini sisi wenyewe tunaulinda kwa kuambiana kwamba ni ushamba kuingia. Hilo linaniuma kuliko mlinzi yeyote.

Nakubali, hoteli si uwanja wa umma. Aliyelipia chumba anastahili utulivu, kwa hiyo usimpige picha wala usizurure kwenye korido za vyumba. Ukaguzi wa langoni nao siulalamikii: bomu lililolipuka Norfolk usiku wa 31 Desemba 1980 liliua watu na kubomoa sehemu kubwa ya jengo. Fungua mkoba wakague, upite. Na chai ni ghali, siwezi kubisha. Lakini ukishaagiza kikombe wewe ni mteja kama mteja mwingine yeyote, na una haki ya kukaa ukatazama paa, bustani na barabara kwa raha zako.

Ninaowataka hasa ni walimu wa historia. Kila muhula mabasi ya shule yanajaa Makumbusho ya Taifa, na kutoka pale hadi Norfolk ni mwendo mfupi kwa miguu. Piga simu hotelini mapema, omba nafasi. Wakikukatalia, simama na wanafunzi ng'ambo, upande wa ukumbi wa maigizo. Waonyeshe hoteli ilipo, waonyeshe kituo cha polisi, kisha mwite Nyanjiru kwa jina lake kamili na uwaambie alichofanya.