Baridi haimlazi nyoka

Julai iliyopita nilikuwa kijijini kwetu, jirani na Ifunda mkoani Iringa. Anayeijua Iringa ya kipupwe hahitaji maelezo: unatoka nje asubuhi na blanketi begani, na maji ya ndoo iliyolala nje yanauma vidole. Mjomba alikuwa ametangulia shambani kuvuna mahindi. Nilimfuata mnamo saa nne, jua limeanza kupasha migongo, nikamkuta kakunja suruali hadi magotini, mguuni kandambili, anakanyaga mabua yaliyolala bila hata kutazama chini.

"Mjomba, huogopi nyoka?"

"Nyoka gani na baridi hii, mjomba? Hao wamelala mpaka mvua ya kwanza."

(Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, usichanganyikiwe.)

Tukavuna mistari miwili. Wa tatu ulipakana na kinjia kinachoshuka mtoni. Mbwa wake alitutangulia akinusanusa kila kitu kama kawaida yake, akapita. Nami nikawa ndiyo nainua mguu kupita palepale, nikasikia sauti ya tairi linalotoa upepo. Naapa, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba baiskeli ya mjomba imepata pancha. La pili, kwamba baiskeli tuliiacha nyumbani.

Alikuwa kifutu. Wengine humwita moma, vitabuni utamkuta kwa jina la bafe. Alijilaza ukingoni mwa njia, mwili bapa, nusu juani na nusu kwenye kivuli cha mabua, mfupi na mnene kama mkono wangu karibu na kiwiko. Mgongoni ana alama kama herufi V zinazofuatana, ncha zote zikielekea mkiani, rangi ya majani makavu juu ya rangi ya udongo mkavu. Ukimwona umemwona, ukiangalia pembeni kidogo kisha ukarudi, inabidi umtafute upya. Kila alipovuta pumzi ubavu ulifutuka, alipoitoa sauti ile ikarudi. Kati ya kidole changu cha mguu na kichwa chake palikuwa na hatua moja ya mtoto.

Tangu siku ile nimekuwa msumbufu kwa kila anayeniambia nyoka hulala wakati wa baridi. Kauli hiyo nimeisikia kwa walimu, kwa madereva wa malori, na kwa ndugu zangu mwenyewe, na naamini ndiyo inayowaumiza watu wa nyanda za juu kila Juni hadi Agosti. Huko Ulaya ni kweli. Kipiri wao huingia ardhini vuli ikiisha na hutamwona kwa miezi kadhaa, kwa sababu hata saa sita mchana hakuna joto la kumfaa. Lakini kipupwe chetu si hicho. Usiku wetu ni wa baridi kali, mchana wetu una jua. Nyoka wa Iringa, Njombe au Mbeya hana sababu ya kulala miezi mitatu. Anachohitaji ni kusubiri saa tatu, saa nne, atoke shimoni aote jua.

Na hapo ndipo balaa lilipo. Nyoka hana moto wake mwenyewe tumboni kama sisi. Joto lake analiomba kwa jua, kwa jiwe, kwa udongo uliokwisha kupata moto. Sasa mahali gani shambani udongo uko wazi, hauna nyasi, na unapigwa na jua mapema? Kwenye kinjia. Njia yako na yangu, ya mtoni, ya shule, ya chooni. Wakati wa joto nyoka wengi husikia kishindo chako kupitia ardhi na kuondoka kabla hujafika, ndiyo maana unaweza kuishi miaka kijijini ukawaona mara chache tu. Wakati wa baridi mwili wake haujawaka. Kukimbia hawezi vizuri, basi anabaki alipo akitumaini hutamwona. Ukimkanyaga, kilichobaki ni meno.

Kifutu ni mbaya zaidi katika hili kwa sababu hata akiwa amepata joto, kukimbia si tabia yake. Maisha yake yote ameyajenga juu ya kutulia. Yule mbwa wa mjomba alinishangaza mpaka nilipokuja kusoma kwamba mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, waliwajaribu mbwa waliofunzwa kunusa, wakakuta kwamba kifutu aliye hai hawamng'amui. Gamba lake alilolivua wanalinusa vizuri. Yeye mwenyewe, hapana. Kwa hiyo kama umezoea kumtanguliza mbwa ili akusafishie njia, jua kwamba kwa nyoka huyu unatanguliza mapambo.

Halafu kuna mavuno yenyewe. Baridi inapoingia ndipo mahindi yanapotoka shambani kwenda nyumbani, na panya hawangoji kualikwa. Wanahamia stoo, kwenye kihenge, chini ya marundo ya mabua, na nyoka anafuata chakula chake. Ongeza matofali: kiangazi ndio msimu wa kufyatua, kila mji una rundo lake linalosubiri tanuri, na mashimo yaliyo katikati ya matofali ni nyumba kamili yenye vyumba. Ongeza kuni zilizopangwa ukutani. Mama zetu ndio wanaoingiza mkono humo saa kumi na moja alfajiri, gizani, kutafuta kijiti cha kuwashia moto. Niulize ni nani anayepewa tochi nyumbani. Anayo baba, anatazamia ng'ombe.

Bibi alikuwa akituzuia kutaja jina la nyoka usiku. Ulitakiwa kusema "kamba". Nilipokuwa mdogo niliona ni ushirikina tu, siku hizi nadhani bibi alijua anachofanya: mtoto akishazuiwa kutaja kitu gizani, gizani ndipo anapokikumbuka. Tatizo ni kwamba aliacha kutukumbusha ilipofika saa nne asubuhi.

Ninayo sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita binti wa mjomba huyuhuyu aliumwa na kifutu, naye pia wakati wa mavuno, jioni, akiwa amevaa ndala. Sikuwapo, lakini nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba naiona. Mtu mmoja akamfunga mguu kwa kipande cha kanga, akakaza mpaka vidole vikabadilika rangi. Mwingine akachanja kwa wembe. Likaletwa jiwe jeusi, lile linaloaminika kunyonya sumu, likabandikwa juu ya chanjo, watu wakakaa kulitazama. Saa mbili zikapita hivyo. Alipopandishwa bodaboda mguu ulikuwa umejaa hadi juu ya goti, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, malengelenge yameanza. Alipona. Vidole viwili havikupona.

Simlaumu aliyefunga kanga. Alifanya alichofundishwa, na alifanya kwa huruma. Lakini sumu ya kifutu huozesha nyama pale ilipoingia, na ukiikaba kwa kamba umeikusanya sehemu moja na damu umeizuia isifike. Wembe nao unaongeza kidonda juu ya kidonda, katika mwili ambao damu yake huenda imepoteza uwezo wa kuganda. Jiwe halinyonyi chochote zaidi ya muda. Linalofaa ni la kuchosha kusimulia: mtulize mgonjwa, asitembee, mvue viatu, pete na bangili kabla mguu au mkono haujavimba, uufungie ubao usichezecheze, mpeleke hospitali. Akiwa ametemewa sumu machoni na swila, osha kwa maji safi mengi, uoshe tena, kisha hospitali vilevile. Kwa koboko hakuna hata nafasi ya kubishana, maana sumu yake huingia kwenye neva na kuzima pumzi, na saa chache zinatosha.

Tatizo ni hilo neno "hospitali". Bodaboda ile ilifika kituo cha kwanza, nacho hakikuwa na sindano ya nyoka. Wakapewa panadoli, dripu na barua ya kwenda mbele. Walipofika mbele kulikuwa na daktari aliyejua kazi yake. Alichukua damu kidogo, akaiweka kwenye kichupa cha kioo kikavu, akaangalia saa. Dakika 20. Baada ya hapo anakiinamisha kichupa: damu ikiwa imeganda, afadhali, ikimwagika kama maji, sumu imeshaingia kwenye damu. Mjomba anasema hajawahi kuona dakika ndefu kama zile. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine, hata zahanati inaweza kukifanya, na nashangaa kwa nini hatukisikii kikitajwa.

Dawa yenyewe ni habari nyingine. Bado inatengenezwa kwa njia iliyoanza miaka ya 1890: farasi anachomwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake ujifunze kupambana nayo, kisha inachukuliwa damu yake na kuchujwa ile kinga. Ni kazi ndefu na ya gharama, na wateja wake ni wakulima wasio na hela. Ndiyo maana kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa yake ya nyoka wa Afrika, mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda wake Juni 2016. Biashara haikulipa. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na limejiwekea lengo la kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo 2030. Kwa makadirio yao wenyewe, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hii, na wanaobaki na ulemavu ni karibu mara tatu ya hao. Binti wa mjomba yumo kwenye hesabu hiyo ya pili, kama kuna mtu aliyemhesabu.

Sidai kila zahanati iwe na sindano ya nyoka. Ni ghali, aina nyingi zinataka friji, na mtoaji lazima awe tayari kwa mgonjwa anayeweza kupata mzio mkali. Ninachodai ni ubao. Kila Mei, kabla baridi haijaingia na watu hawajaingia shambani, kila zahanati iandike kwa chaki pale mlangoni: dawa ya nyoka ya karibu iko hospitali gani, na namba ya simu ya kuuliza kama ipo leo. Chaki haizidi shilingi mia chache. Bodaboda ile ingeenda moja kwa moja, bila kupitia panadoli.

Turudi kwenye kinjia. Mjomba alishainua jembe. Nikamshika mkono, na hapo tukakorofishana kidogo, kwa sababu kwake nyoka aliyeonekana ni nyoka aliyekufa. Mimi si mpenzi wa nyoka, nielewe hivyo. Lakini jembe lina mpini wa urefu unaojulikana, na kifutu hurusha kichwa upesi kuliko unavyoweza kukonyeza. Wengi wanaumwa wakiwa katika ushujaa huo hasa. Tena yule pale alikuwa kazini: panya wa stoo ya mjomba ndio chakula chake. Mjomba akasema kama ni hivyo nimchukue nikakae naye Dar.

Tulirudi nyuma hatua kumi, tukakaa juu ya viroba vya mahindi, tukamtazama. Robo saa nzima. Jua lilipomfikia mwili mzima, alianza kuondoka, na sikuwa nimewahi kuona mwendo ule. Hakujipinda kushoto na kulia. Alikwenda mbele mnyoofu kama jongoo, ngozi ya tumbo ikijivuta kidogo kidogo, bila haraka, akaingia kwenye nyasi za mtaroni. Baada ya sekunde tatu hapakuwa na kitu pale, kwa macho yetu, ingawa sote tulijua yupo.

Mjomba akatema mate. "Kumbe hawalali."

Niliporudi mjini nilimtumia buti za mvua kwa basi, zile nyeusi ndefu zinazofika karibu na goti, pamoja na tochi mbili, moja nikaandika jina la shangazi kwa wino usiofutika. Wiki mbili baadaye nikapiga simu. Shamba bado halijaisha, baridi imezidi. Nikauliza kama anazivaa.

"Nimeziweka vizuri kabisa," akasema. "Juu ya kabati."

"Kabatini za nini, mjomba?"

"Si ulisema ni buti za mvua? Sasa mjomba, mvua iko wapi?"