Parafujo ya mdomoni

Nilipomwambia muuza kahawa, "Sita, mwanangu, sita za shilingi kumi," akapangusa uso kwa kikoi, baraza zima likacheka. Basi. Mtu mzima mimi, fundi wa majahazi, nimegeuka mvua ya rasharasha.

Mapengo matatu, juu, mbele. La kwanza lilikwenda na kashata, la pili na teke la punda pale Mkomani, hapa Lamu, la tatu liliondoka lenyewe, halikuaga.

Tukaenda Malindi, mimi na mama watoto. Safari mnaijua: boti hadi Mokowe, basi, teremka, kitambulisho, panda, teremka tena.

Daktari ni binti, lika la kitinda mimba wangu. "Baba, tutapandikiza." Akanionyesha parafujo ya madini ya titani. Hiyo inaingizwa ndani ya mfupa wa taya, unangoja miezi mitatu hadi sita mfupa uishike, ndipo jino la kauri hufungwa juu.

"Hamuiviringii pamba na mafuta kwanza? Chombo kitavuja."

"Hapana, baba. Mfupa wenyewe hushikamana na titani. Aliyegundua ni Brånemark, daktari wa Sweden, kwenye mguu wa sungura. Binadamu wa kwanza aliwekewa 1965."

Sungura! Huyu wetu wa hadithi angemwachia mguu nani? Na 1965 mimi nilikuwa naota meno ya utoto, bure, bila kulipa senti.

Akapiga picha. Taya likikaa bila jino, mfupa wake husinyaa. Langu lahitaji kuongezwa.

"Mfupa wa nani?"

"Kuna unga wa mfupa wa ng'ombe."

"Kachinjwa na nani?"

Daktari akatazama dari. Akarudi na maswali yake: una sukari? Unavuta sigara? Maana moshi huzuia kidonda kupona, parafujo ikalegea. Mwanangu, swali gani hilo, na mama watoto kakaa hapo mlangoni? Nikasema niliacha. Mlangoni kukasikika kikohozi.

Nikauliza bei kwa sauti ya mtu mwenye shamba.

"Laki na nusu."

"Yote matatu?"

"Jino moja, baba. Mfupa ni mbali."

Kadi ya bima nilitoa, ikarudishwa kama noti iliyochanika. Hapo heshima ikanitoka. Kung'oa wanang'oa kila mahali, chap chap, hata bei hawakutishi. Kurudisha ndiyo uuze mashua! Nauli ya watu wawili, malazi, siku tatu kazi imelala, nimekwenda kusomewa bei! Na nilivyokuwa nafoka, maskini yule binti akavaa miwani yake ya kazi.

Jirani ana meno ya kuvua na kuvaa. Alimtukana nahodha wa boti kwenye mkondo wa maji, yakatangulia baharini.

Nahodha huyohuyo jana kanitoza mzigo. Mzigo gani? Kifuko cha maembe ya Malindi, alinunua mama watoto, mabichi, magumu kama mkoko. Nitayauma na nini? Nimempa punda. Yuleyule.