Samaki tunakula sana siku hizi, ila wastani unatudanganya

Kila FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakitoa takwimu za samaki watu wanagawanyika makundi mawili, wanaoshangilia na wanaolia, na mi naona wote wana hoja ila wote wameganda kwenye wastani.

Wastani wenyewe ndo huu, mwaka 1961 mtu mmoja alikula kama kilo 9 kwa mwaka, sasa hivi imepita kilo 20, na hapo idadi ya watu imetoka bilioni 3 mpaka 8. Sio mchezo. Wanaoshangilia wanakwambia ni protini nzuri, mafuta ya omega-3 yapo, na huhitaji kufyeka msitu kufugia ng'ombe. Wanaolia wanakwambia zaidi ya theluthi ya akiba za samaki wa baharini zinavuliwa kupita kiasi, halafu wanakukumbusha Newfoundland kule Kanada, samaki aina ya cod waliisha mpaka 1992 serikali ikapiga stop uvuvi wao, ikadhaniwa ni miaka 2 tu, kumbe mpaka 2024 ndo kufuli likaondolewa.

Ila kuna kitu wote wanakiruka. Samaki wa kuvuliwa hawajaongezeka toka mwishoni mwa miaka ya 80, wako palepale kwenye tani milioni 90 hivi, panda shuka kidogo. Nyongeza karibu yote imetoka kwenye mabwawa na vizimba, na mwaka 2022 wa kufugwa wakawapita wa kuvuliwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ukisema kila kilo mpya imetoka baharini unakosea, lakini usifurahi haraka, maana inategemea unafuga nini. Perege na kambale wanakula mashudu na pumba wanakua vizuri tu. Salmoni na kamba wanataka unga na mafuta ya samaki, japo siku hizi soya imepunguza, na huo unga unatokana na visamaki vidogo kama anchoveta wa Peru, ambako msimu wa kwanza wa 2023 ulifutwa sababu ya El Niño na bei ya unga ikapaa dunia nzima.

Mi hapa ndo naegemea upande wa wanaolia kidogo. Senegali na Gambia viwanda vya unga vinanunua samaki wadogo wale wale ambao watu wa kipato cha chini walikuwa wanawakausha wanakula, yani samaki wa maskini anageuka chakula cha samaki wa tajiri.

Halafu ulaji wenyewe haujapanda kila mahali, Japani unashuka na nyama imeshawapita samaki, wakati China peke yake inakula zaidi ya theluthi ya samaki wote duniani. Iceland wanapita kilo 80 kwa mtu, Afrika ni kama kilo 9 tu na watu wanaongezeka haraka kuliko samaki. Huku shida ni kula kidogo, sio kula sana, na unga bado unapakiwa melini.