Nimemlipa Mtu Aniandikie Wasifu, na Sioni Haya Kusema

Jumamosi moja, baada ya kutoka zamu ya usiku katika ghala moja hapa Milton Keynes, Uingereza, nilikaa jikoni na simu sikioni kwa saa moja na nusu nikijibu maswali ya mama mmoja Muingereza anayewaandikia watu wasifu wa kuombea kazi, yaani CV, ambaye sijawahi kuonana naye. Alitaka kujua stoo ya hoteli niliyoisimamia Nungwi, kwetu Zanzibar, kwa miaka saba ilihudumia vyumba vingapi, samaki na mboga ziliingia saa ngapi, nani alipima, nani alitia saini, na bahari ilipochafuka hata mizigo ya Dar es Salaam ikakwama, nilifanya nini ili wageni wapate chakula. Swali hili la mwisho ndilo lililonigusa. Nilimweleza kwamba kila upepo wa kusi ulipoanza nilikuwa nikiweka akiba ya unga, mchele na mafuta ya siku sita bila ya kuamrishwa na mtu, kwa sababu mimi ni mtoto wa Pemba na naijua bahari ya kusi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mbona hili halimo katika karatasi uliyoniletea?" Sikuwa na jibu, kwani katika maisha yangu yote ya kutafuta kazi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kwa kazi hiyo nilimlipa pauni 140, na fedha hizo ndizo zilizonitia katika ugomvi na jamaa zangu. Niliitaja habari hii katika kundi la simu la ukoo wetu nikidhani nawashirikisha furaha yangu. Ami yangu wa Wete, ambaye kwangu ni baba na sitamjibu kwa ukali hata siku moja, aliuliza kama fedha hizo, ambazo kwa shilingi zinapindukia laki nne, hazikutosha kununulia bati za jiko la bibi. Binamu yangu akaandika kwamba Ulaya imenifundisha kujisifu. Mwengine akasema kwamba mtu mzima kuandikiwa maisha yake na asiyemjua ni udanganyifu mtupu. Nimeona niwajibu kwa kirefu, kwa kuwa najua si wao pekee wenye mawazo hayo.

Wasifu niliokuja nao huku ulikuwa na kurasa nne. Juu ilikuwapo picha yangu ya pasipoti, kisha tarehe ya kuzaliwa, shehia, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, skuli zote tangu ya msingi, na mwishoni ile sentensi ya kuthibitisha kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na saini chini yake. Miaka saba ya kazi ilipewa mstari mmoja: mtunza stoo, hoteli, Nungwi. Yule mama aliufuta ukurasa wa kwanza wote. Alinieleza kwamba Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inamkataza mwajiri kumbagua muombaji kwa umri, dini, ndoa, asili, ulemavu na mambo mengine kadhaa. Sheria haimzuii mtu kuyaandika mwenyewe, ila waajiri wengi hawapendi hata kuyaona, wasije wakadaiwa kwamba wameyatumia. Nakiri kwamba jina la shehia yangu lilipofutwa nilihisi uchungu, kama niliyekanwa. Hata hivyo kurasa nne zikawa mbili, na ule mstari mmoja ukawa nusu ukurasa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria neno lenyewe. Wasifu, sifa na kusifu ni maneno ya shina moja tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na shina hilo lina maana ya kukieleza kitu kama kilivyo. Ukisema karafuu ina harufu kali umeitaja sifa yake, wala hukuipamba. Matangazo ya ajira serikalini kwetu yanalitumia neno hilo hilo, kwani baada ya jina la nafasi huja sifa za muombaji. Basi tunaulizwa sifa, nasi tunajibu kwa bahasha ya kaki: vivuli vya vyeti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, picha iliyopigwa karibuni. Sizibezi karatasi hizo. Zinathibitisha kwamba mtu yupo, ni wa hapa, na skuli alimaliza. Lakini juu ya alichokifanya kwa mikono na akili yake hazisemi hata neno moja. Siku hizi maombi yanapitia ZanAjira, mtandao wa ajira wa serikali ya Zanzibar, na nilifurahi niliposikia, mpaka nilipoona kwamba bahasha imeondoka na yaliyokuwamo ndani yake yamehamia vile vile.

Na ile karatasi moja ambayo ingesema, yaani CV, tunampa kijana wa steshenari aichape haraka haraka huku watu watano wamesimama nyuma yetu wakisubiri kutoa kopi. Simlaumu yule kijana, kwani analipwa kwa ukurasa. Ana faili moja ndani ya kompyuta yake, hubadilisha jina na tarehe, na kazi imekwisha. Mwaka nilipokuwa nikitafuta kazi Chake Chake nilipeleka maombi sehemu tatu kabla sijagundua kwamba katika orodha ya wadhamini wangu limebakia jina la mwalimu wa mtu mwengine, wa skuli ya Unguja ambayo sijawahi kuikanyaga. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimeazima viatu vya kaka yangu kwenda kupeleka bahasha zile, na mpaka leo nikilikumbuka jina lile napata hasira.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba kuandikiwa ni jambo la Kizungu namuomba akumbuke kwamba sote tumeandikiwa. Bibi yangu alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tu, na barua zake za ofisini alikuwa akiandikiwa na mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu. Mwalimu yule alimkalisha jamvini, akamuuliza jambo moja baada ya jengine, akaandika, akamsomea, bibi akamsahihisha pale alipokosea, na ndipo akatia saini kwa herufi zake mwenyewe. Barua ile ilikuwa ya bibi, ijapokuwa mkono haukuwa wake. Huyu mama wa Kiingereza amenifanyia yale yale. Tulichokipoteza sisi katika safari ya kutoka jamvini kwa mwalimu hadi steshenari ni kule kuulizwa.

Sasa nije kwa binamu yangu na neno lake la kujisifu, kwa sababu ndilo lililoniumiza zaidi. Yeye na mimi tumekulia chini ya mikarafuu. Jioni wachumaji wanapokusanyika na kushusha walichochuma, swali la kwanza ni lipi? Ni pishi ngapi. Mama yangu alikuwa akisema "leo nane" mbele ya watu wote, na sikumsikia hata mmoja akimwambia kwamba anajisifu, kwa sababu karafuu zilikuwapo, kipimo kilikuwapo, na mwenye shaka alikuwa na ruhusa ya kupima tena. Zikishaanikwa na kukauka, zinakwenda ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kupimwa mara nyengine kwa kilo na kwa daraja, na hapo pia hakuna anayeona haya kutaja daraja alilopata. Yule mama hakunitaka nijipambe. Alinitaka nitaje pishi zangu. Niliposema kwamba nilifanya kazi kwa bidii alikataa kuliandika, akaniambia kwamba kila muombaji husema hivyo. Niliposema vyumba 62, wasambazaji 14 na akiba ya siku sita, aliandika palepale, kisha akaniuliza ni nani anayeweza kuthibitisha. Aliniambia pia kwamba makampuni makubwa hupokea maombi kwa programu inayosoma maandishi, hivyo majedwali na mapambo yaliyokuwa katika wasifu wangu wa zamani yanaweza kuichanganya. Lakini alinionya nisiwasikilize wanaouza hofu kwamba mashine ndiyo inayowatupa watu wote. Mwishoni anasoma binadamu, naye husoma kwa haraka.

Nje ya mikarafuu swali la kwanza kwetu ni jengine: wewe mtoto wa nani? Sitaki mtu adhani nalidharau. Swali hilo limenilisha. Nimewahi kushuka Mkoani usiku, boti imechelewa, mfukoni sina nauli ya gari, nikaulizwa mtoto wa nani, na nikalala katika nyumba ya watu ambao walimjua babu yangu tu, asubuhi nikapewa chai na mihogo na nauli juu yake. Hapa nimeishi mlango kwa mlango na jirani kwa miaka mitatu, naye hajui hata jina langu. Katika hilo nitasimama popote niseme kwamba kwetu ni bora, na watoto wangu nawafundisha kulijibu swali hilo mpaka babu wa tano. Lakini swali hilo hilo likiulizwa kwenye meza ya ajira linamuua mtoto wa mchumaji, ambaye baba yake hajulikani katika ofisi yoyote. Nimeliona kwa macho yangu, na nyinyi mmeliona, na kila mmoja wetu ana jamaa aliyekufa moyo kwa sababu yake.

Wala nisidhaniwe kwamba nimezama katika mapenzi ya Ulaya hata nisione. Nchi hizi zinafuta picha na umri katika karatasi, lakini jina linabaki, na jina linasema. Mwaka 2004 wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha matokeo ya jaribio lao katika miji ya Boston na Chicago huko Marekani, ambako walipeleka wasifu wa kubuni karibu 5,000 kwa waajiri. Wasifu wenye majina yanayosikika kuwa ya watu weupe ulipata miito asilimia 50 zaidi ya ule wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Linalonikera zaidi ni kwamba kuuboresha wasifu kuliwasaidia wenye majina ya watu weupe zaidi kuliko wenye majina ya Wamarekani weusi. Mimi ninayeitwa jina la Mtume na la babu yangu nilisoma matokeo hayo baada ya kulipa, na yaliniudhi. Mpaka leo ninapoandika haya sijapata kazi niitakayo. Kwa wasifu wa zamani nilipeleka maombi 43 na nikajibiwa mara moja. Kwa huu mpya nimepeleka sita na nimeitwa kwenye usaili mara mbili. Siwezi kuapa kwamba karatasi ndiyo iliyoleta tofauti. Naweza kuapa kwamba katika usaili ule wa kwanza nilizungumza juu ya kazi yangu bila ya kuinamisha kichwa, kwa sababu nilikwishaulizwa na nilikwishajua la kusema.

Ami yangu ana haki juu ya fedha. Bati za jiko la bibi nimezipeleka mwezi huu, na zingeweza kwenda mapema. Na ni kweli kwamba msaada wa bure upo. England ina huduma ya serikali iitwayo National Careers Service inayomshauri mtu juu ya wasifu bila ya malipo, nami nilianza huko na nilisaidiwa vizuri juu ya mpangilio. Nililipa kwa ajili ya saa ile moja na nusu. Anayetaka kufuata njia hii ajue kwamba kazi hii hapa haina leseni, mtu yeyote anaweza kujiita mwandishi wa wasifu, na anayekuahidi kazi kabla ya kukuuliza lolote ni wa kukimbiwa. Mwandishi wa kweli haahidi kazi. Anauliza, anaandika rasimu, anakurudishia usahihishe, na akiona unatia chumvi anakukatalia.

Najua kuna atakayesema kwamba kwetu ajira zenyewe hakuna, na zilizopo zina wenyewe, basi wasifu mzuri utafaa nini. Hoja hii naiheshimu kwa sababu imetoka katika maumivu. Lakini hoteli za Kiwengwa na Paje zinaajiri kila msimu, miradi inaajiri, na mara nyengine anayesoma maombi ni mgeni asiyemjua baba wa mtu yeyote. Mbele ya mgeni huyo kijana wetu anapeleka dini yake, hali yake ya ndoa na jina la mdhamini wa mtu mwengine.

Wiki hii binti wa shangazi yangu aliyeko Micheweni alinitumia picha ya CV yake kwa simu. Kazi yake ilikuwa mstari mmoja: mwalimu wa kujitolea, hesabati, miaka mitatu. Nilimpigia, nikamuuliza kama nilivyoulizwa mimi. Ikatoka kwamba kila Jumamosi, bila ya malipo, huwakusanya wanafunzi wa kidato cha pili chini ya mwembe na kuwafundisha sehemu walizoshindwa, na kwamba mwaka huu walikuwa 74. Nikaandika. Aliniomba nifute, akasema ataonekana anajitangaza. Tukabishana kwa upole mpaka umeme ulipokatika kwao. Saa tano za usiku wake ulikuja ujumbe mfupi: amelifungua daftari la mahudhurio, watatu walihama mwezi wa Machi, kwa hiyo niandike 71.