Mshenzi ni Nani? Bagamoyo na Hoja ya Ustaarabu

Neno "mshenzi" Mjerumani hakulileta Bagamoyo, alilikuta. Waungwana wa Mrima, yaani pwani hii, waliwaita hivyo wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu mabegani, ingawa mji wenyewe ulikula kwa jasho la wapagazi hao. Tuliweke hilo mezani kabla hatujamgeukia Mzungu. Baadaye Wajerumani walipohitaji maakida wa kuwatawalia bara, wengi waliwatoa pwani hii hii, na dharau hiyo haikuhitaji kufundishwa.

Wapo wasemao kujiona bora ndiko kulikozaa ukoloni. Wana hoja. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni, alipita Usagara huko bara na jirani zake, akiwafanya machifu watie alama kwenye karatasi za Kijerumani wasizoweza kuzisoma, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akazibariki. Mtu unayemhesabu mwenzako humfanyii hivyo.

Wengine wanauliza: kama ni kiburi tu, kwa nini Bismarck, chansela wa Ujerumani, alikaa miaka mingi bila kutaka makoloni? Kiburi kilikuwepo siku zote. Kilichozidi ni ushindani wa biashara. Hata 1888, kampuni ya Wajerumani ilipokabidhiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, uhondo wenyewe ulikuwa ushuru wa forodha.

Mimi naegemea kwa hawa wa pili, lakini siendi nao hadi mwisho. Abushiri bin Salim alipowasha vita dhidi ya Wajerumani hapa pwani, Bunge la Berlin lilitoa marki milioni mbili mwaka 1889, kwa sababu mbili zilizotajwa pamoja: kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka ule. Utumwa je? Wajerumani walitawala mpaka wakaondoka bila kuufuta. Sheria ya kuufuta ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo ustaarabu ulikuwa kibali cha kuombea fedha, na fedha zilipopatikana kibali kikawekwa kabatini.

Ila kuna mahali hesabu ya faida inagoma. Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yakachapishwa Ujerumani 1903. Kwa kipimo chochote cha Mrima huyu alikuwa muungwana, na kwa Wajerumani alikuwa mwalimu wao. Akaoa Mjerumani. Walipotaka kurudi pamoja Afrika ya Mashariki, wakubwa wa koloni wakawazuia kushuka melini. Hapo hapakuwa na pembe wala forodha. Kumzuia mwalimu yule hakukuwaingizia senti moja, na bado walimzuia, kwa sababu mke mweupe mkononi mwa Mswahili angevuruga ngazi nzima waliyojijengea wakakaa juu yake.

Mtoro akarudi Ujerumani na mkewe. Alifia huko huko, 1927.