Kama hujafunga kabati, usiwashe gari

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kituo cha mafuta hapa Nakuru, upande wa kutokea kwenda Ngata, nikingoja gurudumu litiwe upepo. Mbele yangu palikuwa na pikapu inayovuta trela ya kulala, moja ya hizi zinazoundwa na mafundi wetu, mabati nje na plaiwudi ndani. Dereva alikuwa mtu makini. Aliangalia taa, akayapiga teke magurudumu yote mawili, akatikisa kiungo cha kuvutia, akakagua mnyororo. Kisha akafungua mlango wa trela ili ampe maji mama mmoja wa makamo aliyekuwa ndani, amekaa kitandani, miguu ameinyoosha. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na friji ndogo juu ya meza. Pembeni, mtungi wa gesi wa kilo 13 umesimama wenyewe sakafuni kama ndoo ya maji. Kamba hata moja sikuiona.

Nikamwuliza, "Kaka, hiyo friji umeifunga?"

Akanijibu kwa heshima kabisa, "Imekaa vizuri, mama. Na hatuendi mbali, ni hapa Kericho."

Imekaa vizuri. Maneno hayo yamenikosesha usingizi wiki nzima, kwa sababu ndiyo tuliyoyasema sisi Desemba.

Sisi nasi tuna trela. Nyumbani kwa mume wangu ni Luanda, kule Vihiga, na anayejua mila za kwetu hahitaji kuelezwa shida ya mwana aliyeoa na hajajenga bomani. Huwezi kulala nyumba ya wazazi na mkeo, na kila kukiwa na matanga nyumba za ndugu zimejaa mpaka jikoni. Tukaamua kwenda na kitanda chetu. Mwanzoni wazee walibishana kama kitu chenye magurudumu ni nyumba au si nyumba, mwishowe tukaonyeshwa mahali pa kuegesha karibu na mparachichi, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena. Naipenda ile trela. Naandika haya kwa kuwa naipenda.

Siku ya safari kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, alililia kusafiri ndani yake. Kulikuwa na blanketi jipya. Alishapanda, ameweka mto wake, amejilaza. Nilimshusha kwa nguvu, na nitasema ukweli: sikumshusha kwa kuogopa kabati. Nilimshusha kwa sababu ana kichefuchefu cha safari, nikataka awe karibu na dirisha. Akanuna mpaka Salgaa.

Kutoka Nakuru hadi Mau Summit ni kupanda. Kila kitu ndani ya trela kinaegemea nyuma, na vyetu viliegemea vikatulia. Ukishapita Kericho barabara inaanza kuteremka kuelekea tambarare za Kano, na sasa uzito wote unarudi mbele. Pale Awasi matatu iliyokuwa mbele yetu ilisimama ghafla kuchukua abiria. Mume wangu akakanyaga breki. Tukasikia mshindo nyuma, mzito, kama gunia la mahindi limeangushwa kutoka kwenye lori. Tukadhani ni tuta.

Ahero tuliposimama, mlango wa trela ukagoma. Mume wangu aliusukuma kwa bega ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono, kwa sababu mguu wa kabati ulikuwa umeubana kwa ndani. Tulipofanikiwa kuingia, kabati la saiprasi, refu kunishinda mimi, lilikuwa limelala juu ya kitanda. Sukari na vipande vya kioo vilitapakaa kwenye blanketi jipya. Ukingo wa juu wa kabati ulikuwa umekandamiza mto wa mtoto katikati kabisa, ukaukunja kama andazi.

Sikulia pale. Nililia usiku, Luanda, kila mtu alipolala.

Kesho yake nikalichunguza lile kabati. Fundi alilikaza ukutani kwa skrubu nne fupi, na zote nne zilikuwa bado kwenye kabati. Zilichomoka ukutani zikiwa nzima. Kwenye mizunguko ya kila skrubu kulikuwa na unga wa plaiwudi, laini kama uliosagwa, na kule ukutani mashimo manne yamepanuka kiasi cha kuingia kidole. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ule ukuta haukuwahi kushika kitu. Plaiwudi ile ni nyembamba, ya milimita 6. Skrubu inapata mizunguko michache tu ya kung'ata, na kila tuta linalegeza kidogo. Hesabu matuta kati ya Nakuru na Awasi. Yalikuwa yanalichomoa kabati letu moja baada ya jingine, na breki ya Awasi ikamalizia.

Hili ndilo ninalotaka kila mwenye trela, na kila fundi anayeunda trela, alisikie. Kabati halishikwi na ukuta. Linashikwa na fremu ya chuma. Bolti ipite kwenye mgongo wa kabati, ipite plaiwudi, itoboe chuma, na upande wa pili iwekwe washa pana (kile kisahani cha chuma chenye tundu) na nati ambayo haifunguki kwa mtikisiko. Juu na chini. Ukifunga chini peke yake, kitu kirefu kitajikunja kwenye kiuno na kuangusha kichwa. Kama pale unapotaka kabati likae hakuna chuma, basi chuma kichomelewe kwanza, hata ikibidi kubandua plaiwudi yote. Nimeambiwa na fundi mwingine kwamba wateja hawapendi kuona vichwa vya bolti, eti vinaharibu sura. Fundi, tafadhali, mkatalie mteja huyo. Wewe ndiye unayejua alipo mtoto wake wakati wa kulala.

Na suala la umbali. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila kilichomo ndani ya trela nacho kinaenda mita 22 kila sekunde, friji, kabati, kisu cha mkate. Breki zinasimamisha magurudumu. Haziisimamishi friji, friji inasimamishwa na kamba, na kama hakuna kamba inasimamishwa na chochote itakachokutana nacho. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Wala haijalishi kama umetoka Mombasa au umetoka kona iliyopita. Na barabara yenyewe tunaijua. Ni hii hii ambayo tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoteza mwelekeo likaua watu zaidi ya 50. Hapa breki ya ghafla si ajali ya nadra, ni sehemu ya safari.

Kwa hiyo, hakuna mtu ndani ya trela ikiwa inavutwa. Hata mgonjwa. Hata mama mkwe aliyechoka. Trela haina mkanda wa kiti, na dereva haoni wala hasikii kinachoendelea huko.

Friji ikae chini, karibu na ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu, mlango wake ukiwa umefungwa kwa mkanda. Droo ziwe na komeo. Mtungi wa gesi uzimwe kwenye vali, regyuleta itolewe, uwe wima na ufungwe mkanda, na ikiwezekana uwe na sanduku lake nje. Vizito vikiteleza vyote nyuma ya ekseli, trela inaanza kuyumba mkia, na hapo hata gari lenyewe linaponzwa.

Wengi wetu tunaosafiri kwenda magharibi tunafunga kila kitu kwa mipira ya tyubu kuukuu, kama watu wa bodaboda wanavyofunga kreti za mikate. Kwa mablanketi na viti vya plastiki inatosha, sina ugomvi. Kwa friji haitoshi. Mpira unanyumbulika, na kile unachokifunga kinapata nafasi ya kushika kasi kabla hujakizuia. Nunua mikanda ya kukazia ya mizigo mizito.

Nakubali, inachukua muda. Sisi hutumia kama dakika 40, na mkipigiwa simu usiku kwamba mzee amefariki, hakuna mwenye moyo wa kuhesabu mikanda. Nakubali pia kuwa bolti na chuma cha ziada ni pesa. Hayo mawili nawapa. La tatu, lile la "hatuendi mbali", siwapi.

Yule dereva wa kituo cha mafuta alinisikiliza. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya ule mto. Aliitazama kwa muda, akairudisha simu, akaenda kumshika mkono yule mama ateremke. Friji wakaishusha sakafuni, nikawapa mkanda wangu mmoja uliokuwa kwenye buti. Mtungi wa gesi waliuacha pale pale kituoni.

Jumamosi tunaenda Luanda tena. Kabati sasa lina bolti nane, nne juu na nne chini, na jana nilining'inia juu yake kwa uzito wangu wote halikusogea. Mtoto ameshaanza kuomba alale nyuma. Atakaa nasi garini, mkanda kifuani, hata akilia mpaka Kisumu.