Nimepigwa tobo, hakuna aliyecheka

Jumapili iliyopita nimepigwa tobo na kijana wa miaka kumi na tisa. Tobo safi, si ya kubahatisha. Alinijia upande wangu wa beki ya kulia, akaonyesha kama anaingia ndani, na mimi mzee wa miaka arobaini na mbili nikafungua miguu kama geti. Mpira ukapita katikati, yeye akazunguka nyuma yangu kuufuata. Nilipogeuka alikuwa ameshamimina krosi.

Nikasimama nasubiri. Mnajua nilikuwa nasubiri nini. Nilisubiri uwanja ulipuke. Nilisubiri mtu ajibwage chini kwa kicheko, mwingine avue shati alirushe juu, mwingine aniulize kama nina habari kwamba mlango nimeuacha wazi na ndani kuna vyombo vya watu. Wapi! Mwenzangu wa beki ya kati alisema "bra", ambalo kwa Kiswidi ni "vizuri", na hadi leo sielewi alikuwa anamsifu nani. Yule kijana, mpira ulipotoka, akaniinulia mkono kidogo. Ndugu zangu, alikuwa ananiomba radhi.

Nina miaka sita hapa Sweden. Baridi nimeizoea. Giza la Desemba linaloingia saa tisa alasiri nimelizoea. Hili la kupigwa tobo kimyakimya limenishinda.

Kabla hamjaanza, najua. Najua kuna mtu anasoma hapa huku enka imevimba kwa sababu ya lile shimo la kwenye kumi na nane, mbele ya goli la uwanja wetu wa nyumbani, ambalo tumelikuta, tumelirithi, na tutawaachia watoto. Na mimi nipo huku nalalamika kwamba nyasi ni nzuri ila watu hawacheki. Haya, semeni nimelewa Ulaya. Lakini mpira wa huku nausifia pia, tena bila kinyongo. Mechi ya saa nne inaanza saa nne. Refa anafika, na anaondoka akiwa na nguo zake zote. Mpira hauna mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kununa akaondoka nao kwapani dakika ya ishirini. Wanawake wana zamu yao uwanjani, na zamu ikifika sisi ndio tunaotoka, hakuna mjadala. Hayo yote nayataka nyumbani na wala sioni haya kuyataka.

Ila mimi naishi kwa kuandika, na kuandika nilifundishwa pembeni ya uwanja wa vumbi na watu ambao wenyewe walikuwa hawajui kucheza.

Kila uwanja wa kwetu una yule mtu. Mpira hajui, njumu hajawahi kuvaa, lakini mechi haijaanza mpaka afike. Wetu alikuwa anasimama karibu na kibendera cha kona, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, anatangaza mechi nzima bila redio wala malipo. "Anachukua. Anamtazama. Anamuuliza, nipite kushoto au kulia, chagua mwenyewe. Mwenzie anasema kulia. Haya, bwana, kapita kushoto." Sisi tuliokuwa ndani tulikuwa tunacheza na masikio yetu yako kwake. Na alikuwa na jambo moja ambalo nimelihangaikia maisha yangu yote ya uandishi: mpira ukikaribia goli, alinyamaza. Wengine wote wanapiga kelele, yeye kimya. Halafu wavu ukitikisika (kama siku hiyo wavu upo) anasema neno moja tu, tena taratibu: "Basi."

Nimeandika hadithi nyingi ambazo zingeokoka kama ningejua kunyamaza mahali alipokuwa ananyamaza yeye.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mwalimu mwingine, baba yangu. Bao la Peter Tino dhidi ya Zambia, Ndola, 1979, sare ya 1-1 iliyotupeleka Watanzania Kombe la Mataifa ya Afrika Lagos 1980, nimesimuliwa na baba labda mara mia. Baba hakuwa Ndola. Alikuwa amekaa kando ya redio ambayo betri zake zilikuwa zinakata roho, na kila aliposimulia alisimulia na redio yenyewe. Alishusha sauti, akainamisha kichwa, akasogeza sikio kwenye redio ambayo haipo, akatuashiria sote tunyamaze, ananong'ona, "Tino... Tino..." halafu sauti inapotea kabisa, tunabaki tunatazamana. Kisha anaruka juu. Mguu uliopiga bao alikuwa anaubadilisha kila mwaka, na mara moja alilipeleka kichwani. Hatukumpinga hata siku moja. Mtu anayekuletea Ndola sebuleni kwako humsumbui kwa habari za miguu.

Sasa nitafutie elimu ya namna hiyo kwenye uwanja huu wa nyasi bandia.

Halafu maneno yenyewe. Hebu fikiria kanzu. Mtu anaupitisha mpira juu ya kichwa chako, anauchukua upande wa pili, na papo hapo umati unatangaza kwamba umevishwa nguo. Hukuombwa, hukupimwa, umeshavaa. Ni nani aliyelitunga hilo? Hakuna jina lake popote, hakupewa tuzo, na mimi niliyesoma fasihi chuo kikuu sijatunga sitiari inayolifikia. Beki asiyepitika ni kisiki. Krosi zinamiminwa, tena huitwa majaro. Anayeupiga bila kutazama anabutua, na ukilitamka tu unausikia mguu. Sunday Manara wa Yanga, aliyekuja kwenda kucheza Uholanzi miaka ya 1970, aliitwa "Kompyuta" wakati ambapo wengi waliokuwa wanampigia kelele hawajawahi kuiona kompyuta hata kwenye picha. Walichojua ni kwamba kuna mashine mahali inafikiri haraka kuliko watu, na yule pale chini ndiye.

Hapa mjuaji mmoja ataniambia, "Kaka, hata hao Waswidi wana neno la tobo." Wanalo. Wanaiita "tunnel", handaki. Nimelijua wiki hii baada ya kuuliza, na ndicho kinachonikera. Neno wanalo, wamelifungia kabatini! Miaka sita nimecheza nao na sikuwahi kulisikia uwanjani, mpaka niulize kama mtu anayeuliza saa.

Mwingine ataniambia mwandishi mzima, mtu na heshima zake, anakimbiza mpira wa nini. Huyo simjibu mimi. Albert Camus alikuwa golikipa kule Algeria mpaka kifua kikuu kilipomtoa golini akiwa na miaka kumi na saba hivi, na Nobeli ya fasihi alikuja kuipata 1957. Pier Paolo Pasolini, mshairi na mwongoza filamu wa Italia, alicheza mpaka utu uzima, na mwaka 1971 aliandika kwamba mpira ni lugha kamili, kuna mpira wa nathari na mpira wa ushairi, na chenga iko upande wa ushairi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Yule mzee wa kibendera cha kona angemwambia, "Umechelewa, bwana."

Lakini yuko mkosoaji mmoja ambaye hoja yake inaniuma, kwa sababu ni ya kweli. Huyo anasema: maneno mengi, mpira hakuna. Baada ya Lagos 1980 tulirudi lini kwenye mashindano yale? 2019, Misri. Miaka 39. Miaka 39 tunatangaza, tunapachikana majina, tunavishana kanzu, na mashindano tunayaangalia kwa jirani. Nikikumbuka hilo natamani tungenyamaza kidogo tukajifunza kufika mazoezini kwa wakati.

Tena mdomo wetu una meno. Nilicheza na golikipa mmoja, mtoto mpole, mikono kama gundi. Siku moja tu akatemea mpira miguuni kwa mshambuliaji, tukafungwa, na pembeni mtu akasema amenunuliwa. Mmoja tu. Kufikia jioni ilikuwa ni habari kamili yenye kiasi cha pesa na mahali alipopokelea. Hakucheza tena. Huku, juzi tu, golikipa wetu katemea vilevile, akapigwapigwa mgongoni, akaambiwa "bra". Nikamkumbuka yule mtoto mpaka mchezo ukanipita, nikashtuka winga wangu yuko peke yake.

Kwa hiyo msinilazimishe kuchagua. Nikikwama ukurasani, na hukwama mara nyingi kuliko ninavyomwambia mhariri, huwa navaa njumu na kwenda uwanjani, na nikirudi sentensi zinakuwa zimepungua mafuta. Mapafu yakichoka mtu hana nafasi ya vivumishi. Hilo mpira wa huku unanipa, nashukuru. Lakini sauti ya ndani inayonisomea ninachoandika, inayoniambia hapa umebutua, hapa tulia, hapa nyamaza, hiyo haijawahi kuzungumza Kiswidi.

Baada ya mechi ile nilimfuata yule kijana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nikamwambia asiniombe radhi tena, kwetu kuomba radhi baada ya tobo ni kumtukana uliyempiga. Nikamfundisha neno. Akalirudia mara mbili tatu, akifunga viatu, kwa uzito kabisa kama mtu anayejifunza jina la dawa.

Jana mazoezini akanijia tena upande uleule. Safari hii miguu nimebana. Akaunyanyua mpira kwa ncha ya kiatu, ukanipita juu ya utosi, akauchukua nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu watu hawa, mmoja wao akapaza sauti uwanjani: "Tobo!"

Ikabidi nisimamishe mazoezi. Hiyo si tobo, nikamwambia. Hiyo ni kanzu.